Tiketi ya semista Ujerumani: bata na msuli ndani ya treni moja

Tangu nifike likizo hapa Gungu, Kigoma, swali ni moja tu, mama anauliza, majirani wanauliza, mpaka mzee wa duka la kona: we mtoto huko unasoma kweli au unazurura, mbona kila picha uko kwenye treni? Na kwa vile kuna wadogo zangu wa Mwanga na Ujiji wanaondoka mwezi wa kumi na kila mmoja ananitumia meseji kivyake, naandika hapa mara moja wote msome. Hii ni rivyuu ya Deutschlandsemesterticket, tiketi ya usafiri ya wanafunzi kule Ujerumani. Naipa nyota nne kati ya tano.

Iko hivi, ukilipa michango ya semista chuoni tiketi imo humo humo (vyuo vingi, sio vyote, ulizia chako), hununui pembeni. Miezi sita unapanda treni zote za mikoani, yaani RE, RB na S-Bahn, plus mabasi ya mjini, tramu na treni za chini ya ardhi, nchi nzima. Ilipoanza semista ya kiangazi 2024 ilikuwa euro 29.40 kwa mwezi, ambayo ni asilimia 60 ya tiketi ya kawaida iliyokuwa euro 49. Ya kawaida ikipanda na hii inafuata, na kweli 2025 ya kawaida ikaenda 58. Ila kwa mtu anayetoa euro 992 kwa mwezi kwenye ile akaunti ya pesa za kujikimu inayotakiwa kwa ajili ya viza, bado ni mteremko. Lile litreni jeupe la spidi, ICE, usiliguse, wala IC (nayo ni treni ya masafa marefu), tiketi hii haifanyi kazi humo.

Sasa inahusianaje na masomo. Huku bongo umezoea alama za muhula 40 na UE (mtihani wa mwisho) 60, testi leo, prezentesheni kesho, hata ukitaka kulala wanakuamsha. Kule kozi nyingi mtihani mmoja wa mwisho ndo kila kitu, na lekcha nyingi hakuna wa kuita majina, umeingia sawa, hujaingia sawa. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili unajiona mfalme, mwezi wa pili unakutana na slaidi za semista nzima zinakusubiri. Semista ya kawaida ni krediti 30, na krediti moja inahesabiwa kazi ya masaa 25 mpaka 30, piga hesabu mwenyewe, ni 750 mpaka 900, halafu darasani unakaa sehemu ndogo tu ya hayo, yaliyobaki ni msuli wako na hakuna atakayekusimamia.

Ndo hapo tiketi inapoingia, maana bata lako tayari umeshalilipia, kinachobaki kulipa ni muda tu. Mimi nasoma Münster, na utaratibu wangu wa Jumamosi ni kwenda mbali kwa RE na kusoma njia nzima. Sisi tuliokulia na treni ya Kigoma–Tabora tumezoea treni ni sherehe, kila stesheni watu wako dirishani na vitu vya kuuza, stori mpaka asubuhi. Kule behewa zima kimya, jirani yako hakusemeshi hata mfike mwisho wa reli, na mtandao maeneo mengi unakata, kwa hiyo dauniloodi PDF zako kabla hujatoka. Upweke huo mwanzoni unaboa kweli, ila kwa kusoma takwimu sijaona library inayoufikia. Kwenda nasoma, nikifika natembea, kurudi nalala au napitia maswali.

Safari ambayo mtu wa Kigoma asiikose ni Papenburg. Unachukua RE15 inayoelekea Emden, mnakatiza mashamba na ng'ombe tambarare tupu, kisha unafika kamji kadogo kenye mifereji katikati ya barabara, na pale ndo kwa Meyer Werft, kiwanda cha meli, waliotengeneza Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, 1913. Wakaifungua vipande, maboksi kwa maboksi, meli mpaka Dar, reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa huku na kuingia ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Siku hizi pale wanatengeneza meli za kitalii kubwa kama mtaa, ndani ya majengo ambayo mlango wake tu unakuchosha shingo. Nilisimama pale nikamwambia dada mmoja wa mapokezi kwamba kwetu meli yenu ya 1913 ipo, akaniangalia mara mbili. Ziara ya ndani weka nafasi mapema, usiende kichwa kichwa.

Nyota ya tano naizuia kwa mambo mawili. Moja, malipo ni lazima, upande usipande. Münster ni mji wa baiskeli, chuo, soko, kila kitu unapiga pedeli, asiyetoka nje ya mji anawalipia wenzake tu. (Na bata la bure la mjini ni Aasee, wanaliita ziwa, watu wanachoma nyama pembeni na kujisifia, mtu wa Tanganyika unabaki kutabasamu.) Pili, wikiendi za joto treni zinajaa, unasimama masaa, hapo hakuna kusoma. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo nyote mnakutana stesheni.

Kama unafanya na kibarua ndo ujipange zaidi. Sheria tangu Machi 2024 inaruhusu siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka, zimalizie likizo za semista sio karibu na mitihani.

Tiketi inakaa kwenye simu, kwa hiyo chaji ya kutosha, na kondakta ataomba kitambulisho. Inafika mpaka Salzburg ya Austria, ila huko beba pasipoti na kibali cha kuishi, wakati wa kurudi polisi wanapita behewa kwa behewa.