Miezi saba na mashine ya vidole: saa zimehesabika, deni langu likaonekana

Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro, watu tisa. Watano wanaoka usiku, wanne wanaingia alfajiri kufungasha na kusambaza. Miaka yote saa zao zilikaa kwenye daftari lililofungwa kamba pale mlangoni, kalamu ikining'inia. Jumapili jioni nilikuwa naketi nalo mezani, na Jumatatu hakosi mtu wa kuja: "Bosi, wiki hii hujanipa saa zangu zote." Mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Ubaya haukuwa wa daftari, ulikuwa wa saa zetu zinazoanza upya kila zikifika kumi na mbili. Mtu wa usiku anaandika 2, anatoka anaandika 11. Unatoa, unapata 9, safi. Wa alfajiri anaandika 11, anatoka 8 mchana. Haya, toa sasa. Nilibaki kuhesabu kwa vidole, na siku nikiwa nimechoka namsoma wa usiku kama wa mchana.

Ndipo nikaenda Kariakoo nikarudi na mashine ya vidole, laki mbili na kidogo. Jina siliandiki, ziko nyingi sokoni na kazi yao inafanana. Inasoma kidole, inatunza saa ya kuingia na ya kutoka, mwisho wa wiki unachomeka flashi unapata faili la Excel. Kabla ya kusajili vidole nilimwandikisha kila mmoja kwamba amekubali, maana tangu itungwe sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, alama ya kidole cha mtu si kitu cha kuchukua hivihivi.

Wiki ya kwanza ilikuwa vituko. Muuzaji hakuniuliza nafanya biashara gani, nami sikuwaza: unga! Mtu anatoka kukanda, anabonyeza, mashine inalia "jaribu tena", foleni inajaa mlangoni saa 11 alfajiri kila mtu anataka kulala. Nikaweka ndoo ya maji na taulo kando yake, nikasajili vidole viwili kwa kila mtu, cha kulia na cha kushoto. Mzee wetu wa oveni, ambaye moto na miaka vimemlainisha vidole, haikumtambua kabisa. "Mama, mashine yako hainijui." Nikampa namba ya siri. Najua namba anaweza kumpa mwenzake ambonyezee, lakini huyo akichelewa mimi ndiye wa kwanza kupata wasiwasi.

Kilichonishinda ni ripoti yake ya jumla. Kwa mashine hii siku inakwisha saa sita usiku, basi. Aliyeingia 20:00 Jumatatu akatoka 05:00 Jumanne, inamwandika Jumatatu hakutoka, na Jumanne inasema ndiyo kwanza ameingia. Watu wangu watano wote wakaonekana watoro. Kama kazi yako ni ya mchana tu hutakutana na hili. Mimi niliiacha ripoti hiyo, nikawa nachukua orodha tupu ya kuingia na kutoka na kuipeleka kwenye shiti yangu mwenyewe. Kuingia kwenye B, kutoka kwenye C, kisha:

=MOD(C2-B2,1)-TIME(1,0,0)

Hiyo MOD ndiyo inayovuka usiku wa manane. Bila yake unaletewa alama za reli ########. Saa moja inayotolewa ni ya mapumziko, ambayo kwa sheria yetu mwajiri halazimiki kuilipa ilimradi mfanyakazi kweli amepumzika.

Nikajumlisha wiki ya muokaji mmoja. Jibu: 1:40. Usiku sita wa kazi, saa moja na dakika arobaini! Nilikesha na hilo. Kumbe seli ya saa ya kawaida ikifika 24 inaanza sifuri, kama saa ya ukutani. Ukibadilisha muundo wa seli uwe [h]:mm inasoma inavyotakiwa: 49:40.

Na hapo usikimbilie kuzidisha. 49:40 si 49.40. Dakika arobaini ni theluthi mbili za saa. Ndani ya Excel saa ni sehemu ya siku, kwa hiyo zidisha kwa 24 kwanza upate 49.67, ndipo uje kwenye shilingi. Muokaji huyu mshahara wake ni 273,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki, yaani 45. Kwa mkato, gawa kwa 195: anapata 1,400 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 2,100. Ziada yake saa 4 na dakika 40 ni sh 9,800, ningeandika 4.40 ningempa 9,240. Zile 560 ndizo zilizokuwa zinamleta mlangoni kwangu kila Jumatatu. Na kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 juu ya kila saa, ya ziada ikiwemo.

Umeona hiyo 45? Mimi sikuwa nimeiona. Kichwani mwangu nane mara sita ni arobaini na nane, ndiyo wiki ya kazi, na ziada nilikuwa naanza kuilipa baada ya hapo. Shiti ikawa inanionyesha saa tatu za ziada kwa kila mtu, kila wiki, hata wiki ambayo hakuna aliyechelewa kutoka. Nilidhani nimekosea fomula. Nikaikagua mara tatu.

Niliwaita wote tukakaa. Wa alfajiri sasa wanatoka saa saba na nusu, 45 kamili. Wa usiku oveni haiwaachii, kwa hiyo hizo tatu nazilipa. Malimbikizo ya nyuma tumekubaliana nalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na bado sijamaliza.

Mashine naipa tatu kwa tano, kwa sababu ya usiku na unga. Ukiwa na watu watatu wa mchana usihangaike nayo, daftari na hiyo shiti vinatosha, ila waambie waandike kwa saa 24. Umeme ukikatika yangu inazimika. Nimeiunganisha na pawabenki, na daftari bado liko pale pale kwenye kamba yake.