Uzoefu wangu: shamba la mifugo Lushoto ukiwa na watoto wadogo

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba, shamba la ng'ombe wa maziwa na mbuzi kwenye milima ya Lushoto linalipa, ila ufike saa ya kulisha. Ukifika saa saba mchana utawakuta wanyama wamelala wanacheua, mbuzi ameshiba hata shingo hageuzi, na mtoto ameshaanza kudai juisi. Katika shamba ninalolizungumzia, majani hutiwa horini kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na tena kwenye saa tisa alasiri kabla ya kukamua. Awamu ya asubuhi ndiyo ya watoto. Ile ya alasiri inaangukia ukungu, na ukungu ukikukuta kwenye kona za kushuka Mombo, mji ulio chini ya milima, hutaifurahia safari.

Tuanze na barabara hiyo. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba, kona juu ya kona, kutoka joto la chini hadi mwinuko wa takriban mita 1,400. Watoto wengi hutapika kabla hata ya kufika Soni, mji mdogo ulio njiani. Ndizi au mkate mkavu saa moja kabla ya kupanda vinatosha; chai ya maziwa ngoja hadi mfike. Mkalishe mahali anapoona barabara mbele, simu na vitabu vya picha viwekwe kando, na msimame Soni wanyooshe miguu. Bora zaidi ni kulala Lushoto usiku wa kuamkia ziara. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, kipande cha mwisho cha udongo mwekundu huteleza vibaya, na gari dogo huishia kusukumwa. Juni hadi Agosti pakavu, lakini asubuhi ni baridi ya sweta na soksi ndefu.

Shamba lenyewe liko kwenye mteremko, limekatwa matuta na kupandwa majani ya Guatemala kingoni, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe kwa pamoja. Kigari cha mtoto hakina kazi hapa. Wa kubebwa abebwe kwa mbeleko, wengine wavae buti za mvua, maana samadi na matope vinaingia kwenye kila kiatu cha wazi. Choo ni cha shimo na tundu lake ni la watu wazima, kwa hiyo poti ije nayo.

Mbuzi ndio kivutio kikubwa. Wanakaa kwenye banda lililoinuliwa, sakafu ya mbao zenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Mtoto asipandishwe humo: kisigino kidogo huzama kati ya mbao, na kichwa chake kiko usawa wa pembe. Alishe kutoka nje, ubao wa banda ukiwa katikati yao. Mpe bua refu la matete au jani la lukina (mti wa malisho) alishike mwishoni kabisa, ili mdomo wa mbuzi uwe mbali na vidole. Kama ni pumba, kiganja kiwe bapa na dole gumba libanwe kando. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo akibana kidole kwa mbele mara nyingi hakuna jeraha. Magego ya nyuma ndiyo yanayokata, hivyo asiingizwe kidole pembeni mwa mdomo.

Mtunzaji atawakataza biskuti, na ana haki: wanga mwingi kwa mkupuo huchachisha tumbo la mbuzi, anaweza hata kufa. Jambo ambalo watunzaji wengi husahau kulisema ni majani ya mparachichi. Lushoto miparachichi iko kila kona, na mtoto ataokota jani lolote apeleke bandani. Majani hayo ni sumu kwa mbuzi na kwa sungura pia. Waambie watoto mapema: tunalisha tulichopewa tu.

Ndama ananyweshwa maziwa kwa chupa, na hapo picha nzuri hupatikana. Chupa ishikwe usawa wa kiwele cha mama yake. Ikiinuliwa juu sana, maziwa huweza kupita njia ya mapafu. Mtu mzima aishike pamoja na mtoto, kwa sababu ndama hugonga kwa kichwa kama anavyogonga kiwele ili maziwa yashuke, na kishindo hicho kinamwangusha mtoto wa miaka minne bila shida.

Sungura wanaonekana wapole kuliko wote, lakini ndio wanaong'ata kwelikweli na kuparura. Mtoto akae chini, kanga mapajani, sungura awekwe juu yake huku mkono wa mtu mzima ukishika makalio. Akining'inizwa hupiga mateke kwa nguvu kiasi cha kuvunjika uti wa mgongo. Bata bukini wapiteni mbali, msiwakimbize wala msiwakimbie.

Kukamua hufanyika alfajiri na alasiri. Kwa mtoto chini ya miaka mitano sioni sababu ya kuamka alfajiri kwa ajili hiyo. Mkiwa mmebaki hadi alasiri, simameni mbele ya bega la ng'ombe, mkamuaji anapoweza kuwaona. Nyuma si salama, na ubavuni si salama pia, kwa sababu ng'ombe hupiga teke la kuzungusha kwenda pembeni.

Lalamiko langu kubwa liko hapa: wageni hupewa kionjo cha maziwa moja kwa moja kutoka ndoo. Kataa kwa adabu. Maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na kuyagandisha kuwa mtindi hakuyasafishi. Yaombe yaliyochemka. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na bado joto hilo linatosha kabisa.

La pili ni bomba la kunawia. Liko getini, mbali na mabanda, na duka la vitafunwa liko kabla yake. Yaani mtoto anapita kwenye maandazi na mikono ya bandani. Beba chupa ya maji ya lita moja na nusu na kipande cha sabuni, wanawe papo hapo, sekunde ishirini, hadi chini ya kucha. Jeli ya kutakasa mikono haitoshi, kwanza kwa sababu kinyesi huizuia kufanya kazi, pili kwa sababu haiui kriptosporidiamu, kimelea cha kuhara ambacho ndama wadogo hukitoa kwa wingi. Chuchu bandia ya kunyonya na midoli ibaki garini. Mtoto akianza kuhara ndani ya siku kumi hivi, mwambie daktari kwamba alishika mifugo. Kukiwa na damu, mpeleke siku hiyo hiyo.

Aliye chini ya miaka miwili hafaidi kitu hapa, kwani kila anachoshika kinaishia mdomoni. Saa mbili za matembezi zinatosha kwa wengine wote. Majani ya kulishia hayamo kwenye kiingilio, yanauzwa kwa fungu, kwa hiyo uwe na noti ndogondogo. Dukani chukua jibini ngumu iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, inavumilia safari ya Dar ikifungwa vizuri. Mtindi, kama nao ni wa maziwa yaliyochemshwa, unywe hapo hapo, kwani ukifika Mombo na lile joto kifuniko kitaruka.