Kupiga picha matumbawe ya tangi la nyumbani: mizani ya weupe otomatiki au Kelvini kwa mkono?

Chini ya taa za LED za buluu, mizani ya weupe ya otomatiki (kamera ikijisawazishia rangi yenyewe) huyumba: picha moja zambarau, inayofuata buluu tupu. Inafaa taa nyeupe zikiwa zimewashwa kwa nguvu, basi. Kuweka Kelvini (kipimo cha joto la rangi ya mwanga) kwa mkono ni bora zaidi, ila kamera nyingi huishia 10,000, na taa za buluu mara nyingi huzidi hapo. Kwa hiyo piga RAW (faili ghafi la picha) urekebishe baadaye, au weka kichujio cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi. Punguza mwangaza kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Buluu ikishaungua kwa mwanga kupita kiasi, hairudi. Samaki wanataka kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde. Matumbawe, 1/60 hutosha pampu zikizimwa. Lenzi itazame kioo moja kwa moja, kwani mshazari hutia ukungu.