Kitambaa chao sina neno, ila uzi wao umeniudhi

Majaketi ya kuhami vali za mvuke, yale ya kitambaa tunayoyafunga kwa mikanda kuzuia joto lisipotee, yalianza kuachia mshono hata masika hayajaisha, na karakana iliyoyashona hapa Industrial Area inasema kosa ni la mafundi wetu. Nakataa. Kasoro inaonekana kwa macho.

Kitambaa hakina kosa lolote. Faibaglasi ya upande wa ndani, ule unaolalia chuma, ni nzima, na mkeka wa milimita 25 uliojazwa katikati haujaporomoka. Kilichokatika ni uzi. Kwa nje mshono unaonekana mweupe, safi, lakini ukigeuza jaketi utaukuta umekuwa rangi ya chai, na ukiukwaruza kwa ukucha unakatika vipande vipande. Ni poliesta hiyo. Niliujaribu kwa kiberiti cha gesi: ukayeyuka na kuacha kishanga cheusi, kigumu, kwenye ncha. Uzi wa Kevlar, ule unaostahimili joto, hauyeyuki, huungua ukawa mkaa ukibaki na umbo lake. Uzi wa glasi hung'aa mwekundu tu.

Najua watasema poliesta huyeyuka kwenye digrii 260 hivi na mvuke wetu haufiki huko. Ni kweli, boila ikiwa na mgandamizo wa bar 10 mvuke uko kama digrii 184. Lakini poliesta haingoji kuyeyuka ndipo ichoke. Ikikaa kwenye joto hilo usiku na mchana nguvu zinaisha, na pakingi ya vali, kile kizibo cha kwenye shina lake, ikivuja hata kidogo, ule unyevu wa moto unaivunjavunja poliesta yenyewe. Mshono ukishaachia, mkeka unanyonya maji, na mkeka uliolowa hauhami kitu, tena chuma kinaanza kuliwa na kutu chini yake bila mtu kuona.

Nilipowapelekea moja, msimamizi hakuligusa hata kwa kidole. Alisimama upande wake wa kaunta akasema, mbele ya wateja wengine, "Mzee, watu wako wanakaza mikanda sana. Kama hii haikufai, nenda ukanunue ya China." Hilo ndilo lililonichoma. Mkanda ukikazwa kupita kiasi hung'oa ringi au hukatika penye ringi. Ringi zote zilikuwa mahali pake, na mikanda pia. Mshono ulioachia ni wa pembeni, unaounganisha kitambaa cha ndani na cha nje, ambapo mkanda hauvuti kabisa. Mtu wa kazi hii analijua hilo kwa kutazama mara moja.

Na hiyo ya China anayoniambia nikanunue naijua vizuri. Roli la kitambaa limeandikwa digrii 1000, kumbe ni faibaglasi ya kawaida, ambayo ukiitumia kila siku mwisho wake ni digrii 550 hivi. Cha kukaribia 1000 ni kitambaa cha silika, na bei yake si ile. Uzito nao pia: kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, upime kwenye mizani ndogo ya gramu, uzidishe mara 100. Kilichoandikwa gramu 600 kwa mita mraba kilinipa gramu 4 na ushee. Cha karakana hii kilinipa 6 kamili. Ukikikata hakifumuki ovyo. Halafu hawa wanakuja wenyewe na karatasi ya kahawia, wanachukua umbo la vali, shina na flanji (kingo za kuungia bomba), wanaacha nafasi ya kufikia bolti, na jaketi likija linakaa kama soksi. Muuza roli atakupimia mita, basi.

Ndiyo maana nashindwa kusema msiende kwao. Nilikuwa nimeamua nyota moja. Kwa kitambaa na vipimo wanastahili nne, na sioni haki kuwanyima.

Ila tena nikikumbuka ile kaunta hasira inarudi, kwa sababu wanajua kazi. Majaketi waliyotushonea miaka ya nyuma yana uzi wa manjano, Kevlar, na mpaka leo yako kwenye laini ya mvuke. Uzi umebadilishwa baadaye, na nadhani ni kwa kukimbizana na bei za nje. Wangepunguza kwingine! Jaketi la vali ya inchi 4 linakula uzi kidogo sana ukilinganisha na kitambaa, mkeka na kazi ya mikono. Wangeniongezea gharama hiyo kwenye ankara nisingeuliza.

Ukiagiza kwao, andika aina ya uzi kwenye oda, Kevlar au glasi au wa chuma cha pua, na uchome ncha yake kabla hujatia sahihi ya kupokea. Salio lao bado ninalo. Wakileta majaketi yaliyoshonwa kwa uzi wa manjano, nawalipa siku hiyo hiyo.