Mfuko wa dastibini: ununue upi Nairobi na upi uachie duka

Kabla hujauliza bei angalia unatupa nini, maana maganda ya matoke na maji ya nyama hayawezi kukaa pamoja na chupa na katoni, tenganisha kwanza ndio ujue unanunua nini.

Namba moja ni mifuko inayooza, ya taka za jikoni. Hapa sheria pia iko, Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa notisi ya siku 90 kwamba taka zinazooza zisitiwe tena kwa plastiki, zitiwe kwa mfuko unaooza asilimia 100. Ubaya wake ni kwamba inalainika haraka, na kama watu wa taka wanapita kwenu mara moja kwa wiki utaishika chini ibaki mkononi, kwa hivyo tandika gazeti, majani ya chai yachuje kwanza, na usirundike roli nyingi kwa kabati kwa sababu zinazeeka zikiwa hapo hapo. Tafuta alama ya EN 13432 kwa pakiti, hicho ni kipimo cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, yaani angalau asilimia 90 inaliwa na vijidudu ndani ya miezi 6, lakini hiyo ni kwa joto la kiwanda cha mboji, sio kule jaani Dandora. Ikiwa imechorwa tu jani la kijani bila maelezo, umeuziwa mchoro.

Namba mbili, kwa taka kavu pekee: gunia la kilo 90, lile la mahindi. Haliraruki ovyo, unamwagia wanaonunua chupa na makopo halafu unalirudisha nyumbani.

Tatu ni kukaa bila mfuko kabisa, ndoo yenye mfuniko basi. Ingekuwa juu zaidi kama maji ya mfereji hayangekuja kwa ratiba, ndoo ya taka bila kuoshwa ni balaa.

Mwisho juala jeusi la plastiki. Ni ngumu kweli, kwa daipa sibishani, ila mabaki ya chakula usitie humo.

Saizi sasa, hapa ndio watu hupoteza pesa. Zungusha uzi kwa mdomo wa ndoo, gawa kwa mbili, huo ndio upana wa mfuko ukiwa umelala, ongeza sentimita 3 hivi. Ndoo ya upana wa sentimita 30 inataka mfuko wa 50. Urefu ni kimo cha ndoo, jumlisha nusu ya upana wake, na sentimita 10 za kukunja nje. Na kama mfuko ukijaa unang'ang'ania ndani hadi unapasuka ukiuvuta, choma katobo kamoja kwa msumari moto ubavuni mwa ndoo, inchi mbili juu ya kitako, hewa iingie.