Kuni za kubana za kuongezea kuni za nyumbani: zipi ununue ukiwa Dodoma

Juni ikiingia Dodoma, upepo wa alfajiri unakufuata hadi ndani ya blanketi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13. Nyumba zetu hazikujengewa chochote cha kuzipasha joto, kwa hiyo kinachotupasha ni moto wa jikoni: maji ya kuoga ya watoto wa shule saa kumi na moja alfajiri, uji, chai, na jioni ule moto wa mwisho tunaouzunguka baada ya kula. Katika miezi hiyo mzigo wa kuni uliozoea kukutosha wiki mbili huisha kwa siku tisa au kumi.

Nyumbani kwangu Mkonze tumekuwa tukichanganya kuni na hizi za kubana, yaani mabaki kama maranda na maganda yaliyoshindiliwa yakawa vipande vigumu, kwa misimu minne. Hatujaacha kuni, na simshauri mtu mwenye jiko la kuni aziache siku moja. Kinachonisumbua ni kwamba watu wengi hununua kwa kuangalia bei ya gunia, wakati unacholipia hasa ni ukavu.

Chukua mzigo wa kuni wa kilo 20 uliokatwa wiki mbili zilizopita. Kilo 8 katika hizo zinaweza kuwa maji. Moto wako kwanza utachemsha maji hayo mpaka yaishe ndipo uanze kuchemsha ya sufuriani, na ndiyo maana kuni mbichi inatoa povu na kulia kwenye ncha. Kuni iliyopasuliwa ikakaa juani miezi sita hubaki na maji kama asilimia 15 hadi 20. Kuni ya kubana iliyotengenezwa vizuri huwa nayo asilimia 10 au chini. Ukihesabu kwa joto, kilo moja ya kuni ya kubana hutoa kama megajuli 17, kuni kavu 15, na kuni mbichi haifiki 10. Kwa hiyo nenda sokoni na mizani ndogo ya kuning'iniza, pima kiroba, gawa bei kwa kilo, kisha fanya hivyo hivyo kwa mzigo wa kuni. Mara nyingi utakuta kuni mbichi zinazoonekana za bei ya chini ndizo ghali.

Sasa nizipange, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Namba moja: kuni za maranda zenye tundu katikati

Utazitambua kwa ngozi nyeusi iliyoungua kidogo na tundu linalopita kutoka ncha hadi ncha. Maranda makavu husukumwa kwa skrubu ndani ya bomba lenye moto mkali, na joto hilo hulainisha lignini, gundi ya asili iliyo ndani ya mti wenyewe. Ikipoa inashika. Hazihitaji unga wa muhogo wala udongo, na ndiyo sababu majivu yake ni machache sana. Maranda ya msindano na mkaratusi yako kwa wingi kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi, karibu na shamba la miti la Sao Hill, na hata maseremala wa hapa mjini hutupa magunia kwa magunia.

Lile tundu si pambo. Hewa hupita humo kama kwenye bomba la moshi, na kuni huwaka ndani na nje kwa pamoja. Mimi huanza na vijiti vya mgunga, vikishika ninaweka kuni mbili za maranda, kisha kuni moja nene ya kawaida juu yake. Sufuria la lita 10 la maji ya kuoga huwa tayari kabla mtoto wa pili hajaamka.

Jinsi ya kuzijaribu mbele ya muuzaji: gonganisha mbili. Iliyo kavu hutoa mlio mkali kama vigae viwili vikigongana. Yenye unyevu hutoa sauti ya chini, ya kitu laini. Iachie moja idondoke kutoka usawa wa kiuno. Ikivunjika vipande viwili si neno, ikimwagika vumbi iache. Halafu omba kikombe cha maji, tumbukiza kipande. Kilichobanwa sawasawa huzama papo hapo. Kikielea, hakikubanwa vya kutosha, nawe unanunua hewa. Usishangae kipande hicho kikifumuka baada ya dakika chache, zote hufumuka zikilowa.

Uliza pia maranda yametoka wapi. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, hazifai kabisa kuingia jikoni. Dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki na kromi, na moto hauziondoi: zinabaki kwenye majivu na nyingine zinapanda na moshi. Vivyo hivyo mabaki ya mbao za kugandishwa kwa gundi za viwandani. Muuzaji asiyejua maranda yake yalikotoka, msalimie uende zako.

Namba mbili: maganda ya alizeti na ya karanga

Hizi ndizo zetu hasa. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, na kila panapokamuliwa mafuta kuna kichuguu cha maganda kinachongoja upepo ukitawanye. Yakibanwa vizuri yanawaka kwa nguvu karibu sawa na maranda, kwa kuwa ganda la alizeti hubaki na mafuta kidogo. Kasoro yake ni majivu mengi zaidi na harufu ambayo si kila mtu anaipenda kwenye ugali. Kwa maji ya kuoga na kupikia maharage sioni tatizo lolote, na kama kiwanda kiko jirani, gharama ya guta au toyo inakuwa ndogo kiasi kwamba hizi hupanda namba moja. Ningeziweka juu kwa mtu wa Bahi au Kongwa, kwa mtu wa mjini ninaziacha hapa.

Namba tatu: mkaa mbadala wa mabaki ya mazao

Huu si kuni. Mabua, maganda au vifuu huchomwa kwanza bila hewa ya kutosha mpaka yawe mkaa, husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo au udongo kidogo, kisha hubanwa na kuanikwa. Unaingia kwenye jiko la mkaa la kawaida, na hapo ndipo ubora wake: haurushi cheche na moto wake ni wa taratibu. Sufuria la makande linaweza kukaa juu yake mchana kutwa. Kuwaka ndiko kunachelewa, kwa hiyo weka vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini.

Angalia majivu. Mwenye pupa huongeza udongo ili uzito upande. Choma vipande vitatu mpaka viishe. Kikibaki kitu kigumu chenye umbo lile lile la mwanzo, rangi ya matofali, ujue umelipia udongo.

Ninaupa mkaa huu heshima kwa sababu nyingine. Tanuri la udongo la porini hula kilo 6 hadi 8 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na sisi wa Dodoma tunajua ardhi iliyonyolewa inavyokuwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo, na Kondoa ilifika mahali mifugo ikahamishwa mwaka 1979 ili nyasi ziote tena. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla gesi haijafika kila jiko, kila gunia linalotoka kwenye mabua badala ya mgunga lina maana.

Namba nne: mkaa mbadala wa makaa ya mawe

STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, huuza wa kwake kwa jina la Rafiki Briquettes. Una joto kali na unadumu, na kwa mama lishe au shughuli ya harusi ni chaguo zuri. Nyumbani ninauweka chini kwa sababu moja tu: jioni ya baridi watu wana tabia ya kuingiza jiko ndani.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Jiko lolote lenye makaa, yawe ya mti, ya mabua au ya mawe, hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukilala nalo chumbani umefunga mlango na dirisha, unaweza usiamke. Kutokuwa na moshi si dalili ya usalama. Ota moto barazani au jikoni penye hewa, kisha jiko libaki nje.

Namba tano: za kukandwa kwa mkono

Karatasi zilizoloweshwa, pumba za mpunga, kinyesi cha ng'ombe. Kutengeneza mwenyewe ni sawa, kununua sikushauri. Pumba za mpunga huacha majivu hadi asilimia 20 ya uzito wake, na karatasi iliyokandwa kwa maji haikauki hadi katikati.

Kuhusu kuhifadhi, nilijifunza kwa hasara. Gunia langu la kwanza nililinunua Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa muuzaji aliyeyapanga magunia moja kwa moja juu ya ardhi. Tabaka la juu lilikuwa zuri. Nilipofika katikati mkono ulizama kwenye maranda malaini kama yaliyotoka kwa seremala, yakiwa na uvundo wa ukungu. Tangu siku hiyo ninamwaga gunia lote juu ya turubai kabla sijalipa, na nyumbani ninayaweka juu ya mbao mbili, shubiri moja kutoka ukutani.

Nunua Mei, baada ya mvua na kabla baridi haijapandisha bei. Anza na kiroba kimoja, andika tarehe ya kukifungua kwenye kalenda ya ukutani, kisha andika siku kilipoisha pamoja na idadi ya kuni za kawaida ulizochoma nazo. Familia ya watu sita inayochemsha maji asubuhi na kupika mara mbili itapata jibu lake ndani ya wiki mbili.