Uzoefu wangu: Twin Peaks ya kweli, kule Snoqualmie na North Bend

Wadau wa Twin Peaks, ile tamthilia ya Marekani ya upelelezi wa mauaji ya binti Laura Palmer kwenye mji mdogo wa msituni, nimefika kule ilikorekodiwa, miji ya Snoqualmie na North Bend karibu na Seattle. Najua wengi wenu hamsomi mpaka chini kwa hiyo jibu nalitoa hapa hapa: panalipa, nyota nne kati ya tano, ila inategemea sana umeenda msimu gani na umeenda na nani. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Sasa kwa mliobaki. Kabla hujakata tiketi jua kitu kimoja, sehemu kubwa ya ile tamthilia haikurekodiwa huku kabisa. Ile episodi ya kwanza, ile ndefu ambayo Laura anaokotwa amefungwa kwenye plastiki, ndo ilirekodiwa jimbo la Washington, Februari na Machi 1989, halafu kituo cha tivii cha ABC walipokubali iendelee kazi nyingi ikahamia Los Angeles kwenye studio. Baadae wakarudi huku kwa ajili ya filamu ya 1992 na ule msimu wa tatu wa 2017. Kwa hiyo ukija na picha za msimu wa pili kichwani utazunguka unatafuta vitu ambavyo havikuwahi kuwepo huku, nimekutana na jamaa wawili pale maporomokoni wanauliza mapokezi ya Great Northern, ile hoteli ya tajiri Ben Horne kwenye tamthilia, yako wapi, masikini ya Mungu. Rudia episodi ya kwanza usiku wa kabla ya safari, hiyo inatosha.

Na hili la Februari ndo siri yenyewe. Watu wanapanga kwenda kiangazi kwa sababu jua linawaka na picha zinatoka vizuri, mi nasema hapana, nenda kipindi cha mvua, mawingu yakiwa yamelala juu ya miti, barabara imelowa, saa tisa mchana na taa za magari zinawaka. Lynch na Frost, waliobuni tamthilia, hawakuleta mashine ya huzuni kutoka Hollywood, walikuta hali ya hewa wakairekodi. Mi nilienda kipindi hicho hicho cha mwezi wa pili (mashabiki wanaisherehekea tarehe 24, ndo siku Agent Cooper, yule mpelelezi wa FBI, anaingia mjini anaongea na katibu wake Diane kwenye kile kirekodi chake) na kiukweli nusu ya raha yote ilikuwa ile mvua ya manyunyu.

Twende kwenye lokesheni. Maporomoko ya Snoqualmie ndo namba moja, hayana mpinzani. Yana kama mita 82, yaani yameipita hata Niagara kwa urefu, na ile hoteli juu ya mwamba ndo Great Northern, jina lake halisi Salish Lodge. Ukisimama pale kwenye uzio wa kutazamia unaiona ile picha ya kwenye utangulizi wa tamthilia, maji yanashuka taratibu na moshi wa maji unapanda, na kichwani muziki wa Badalamenti, mtunzi wa muziki wa tamthilia, unaanza wenyewe hujaubonyeza. Kitu ambacho sikuwa nakijua ni kwamba ndani ya ule mwamba kuna mtambo wa umeme tangu 1899, maji mengine yanachepushwa huko, ndo maana mwisho wa kiangazi maporomoko yanakonda, sababu nyingine ya kwenda wakati wa mvua. Pia hapo ni mahali patakatifu kwa kabila la Snoqualmie, na tangu 2019 hoteli na ardhi inayoizunguka ni mali yao wenyewe, kuna mabango yanaeleza, yasome, usiwe mtu wa selfi tu. Kuna njia ya miguu inashuka mpaka chini kwenye mto, kurudi juu utahema lakini shuka.

Ila ndani ya hoteli usitegemee yale magogo na michoro ya kwenye tivii. Nje ni hapa, ndani ilikuwa kwingine kabisa, nitafika huko.

Mgahawa wa Norma kwenye tamthilia, ile Double R, upo North Bend, mwendo mfupi tu kwa gari. Unaitwa Twede's Cafe, wakati wanarekodi 1989 ulikuwa unaitwa Mar-T. Historia yake nayo ni tamthilia: mwaka 2000 ulichomwa moto, ukajengwa upya ukiwa na sura nyingine, mashabiki wakawa wanafika wanapigwa na butwaa, halafu 2015 watu wa msimu mpya walipokuja kurekodi wakaurudisha ndani kama ulivyokuwa zamani, kaunta, viti, mbao, kila kitu. Kwa hiyo unachokiona leo ni nakala ya seti iliyojengwa mahali pa ile asili, na wala haikunisumbua hata kidogo, ukikaa kwenye kile kiti cha kaunta ukapewa kahawa na kipande cha pai ya cheri huwi na muda wa kufikiria falsafa. Pai tamu kweli kweli, cheri zina uchachu kidogo, nilitaka kuongeza ya pili. Ukutani njia ya kwenda chooni kuna picha za zamani, kapite hata kama huna shida ya choo. Wikiendi foleni inakuwepo, nenda asubuhi katikati ya wiki. Na ukitoka nje inua macho, ule mlima ni Mount Si, ndo ule ule.

Iliyonishangaza zaidi ni ofisi ya Sherifu Truman. Zamani jengo lilikuwa ofisi za kiwanda cha mbao cha Weyerhaeuser, na kile kiwanda ndo Packard Mill, kiwanda cha mbao cha kwenye tamthilia, tunachokiona kwenye utangulizi na yale misumeno yanayochongwa. Kiwanda kimekufa, kilichobaki cha kuonekana ni bomba refu la moshi na magofu machache, na jengo la ofisi sasa hivi ni shule ya udereva wa rali, DirtFish. Yaani umesimama mbele ya ofisi ya sherifu umejaa hisia na nyuma yake magari yanaunguruma yanapiga tope! Nilicheka peke yangu. Lakini wale watu wamezoea mashabiki, hawakufukuzi, na nje kuna gari la sherifu limepakiwa la kupigia picha. Kwangu mimi hapa pamezidi hata mgahawa, kwa sababu hapajaribu kukufurahisha, ni mahali pana kazi zake na wewe umepita tu.

Karibu na hapo ukifuata barabara ya Reinig utapata daraja la chuma, lile ambalo Ronette, yule binti aliyenusurika usiku Laura alipouawa, anatembea nguo zimechanika. Siku hizo lilikuwa la treni, sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Barabara hiyo hiyo ndo lilisimamishwa lile bango la kukaribisha lenye idadi ya watu 51,201, sasa fikiria, mji mdogo vile watu elfu hamsini watoke wapi. Simama hapo, mawingu yakiruhusu utauona mlima nyuma yake kama kwenye tivii. Paki vizuri pembeni lakini, magari yanapita kasi.

Nyota ya tano imeondoka kwa sababu ya tour. Siku ya kwanza nililipia basi dogo la kampuni moja, jina naliacha, na aisee ilikuwa mbio tu, dakika chache hapa shuka piga picha panda, darajani hatukushuka kabisa, na mwongoza watalii alikuwa anasimulia mwisho wa msimu wa tatu kwa sauti wakati nyuma kulikuwa na mama hajaumaliza, mama wa watu akabaki anaziba masikio. Kesho yake nikakodi gari nikarudia yote mwenyewe na ndo hapo nikaanza kufurahi. Kutoka Seattle ni kama kilomita 50 kwa barabara kuu ya I-90, rahisi mno, na lokesheni za Snoqualmie na North Bend zote ziko jirani jirani. Kama huendeshi basi tafuta rafiki anayeendesha, usafiri wa umma unafika North Bend lakini kwenye daraja na bango utatembea sana.

Roadhouse, ile baa ya kwenye tamthilia, ya Fall City nilipita tu, ni kwa nje tu inafanana, usiharibu ratiba kwa ajili yake.

Kiana Lodge ndo ile ndani ya Great Northern ya episodi ya kwanza niliyoahidi, mbao, nakshi za wenyeji, na ufukweni pake lipo lile gogo kubwa ambapo mzee Pete anamkuta Laura akiwa maiti. Bado lipo jamani! Lakini iko Poulsbo, ng'ambo ya maji, toka Seattle unapanda kivuko kwenda Bainbridge halafu unaendesha tena, na ni ukumbi wa harusi na sherehe, kwa hiyo piga simu kwanza usije ukaibukia kwenye harusi ya watu. Nyumba ya kina Palmer, familia ya Laura, nayo iko Everett, kaskazini ya Seattle, ni makazi ya mtu, tazama kutoka barabarani uondoke, usigonge mlango, usipige kelele za Sarah, mama yake Laura, pale nje (kuna watu wanafanya hivyo, sijui wamelelewa wapi).

Mwenye siku moja tu afanye hivi: asubuhi Twede's kabla ya foleni, halafu ofisi ya sherifu, daraja na bango, maporomoko ayaweke mwisho jioni jioni taa za hoteli zikianza kuwaka. Kiana na Everett zinataka siku yake nyingine, na koti la mvua lenye kofia, maana mwavuli pale maporomokoni upepo unaugeuza.